Mwalimu na Seva ya Mizani

Ukimwamkia Mwalimu akiwa ameinama nyuma ya kompyuta, shikamoo yako ilibaki ikining'inia hewani mpaka amalize. Wengine waliona ni majivuno. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima aliwahi kusimama mlangoni, kofia mkononi, akaamkia, akarudia kuamkia, na Mwalimu akamjibu bila kugeuka, "Marahaba yako ipo, ngoja." Alipomaliza akainuka, akapangusa magoti, ndipo akaanza salamu zenyewe. Akauliza watoto, akauliza mifugo, akauliza mvua ya kwao, akamtupia na "mbukwa" ya Kigogo juu yake, mpaka mwenyekiti aliyekuja na haraka zake akachoka yeye.

Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu na fizikia sekondari. Alikotoka kabla ya hapo sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia. Kibaigwa nzima ilimwita Mwalimu, hata madereva wa malori ambao hawakuwahi kukalia dawati lake. Mwanamke mwembamba, miwani imefungwa kamba ya kiatu, kitenge mabegani jua kali au baridi. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na Biblia, karanga za kukaanga, na waya wa mtandao aliouzungusha vizuri kama kamba ya kufungia mbuzi. Karanga alizila peke yake. Ukiomba alikupa, lakini alikutazama.

Mimi ni mlinzi na mfagiaji wa banda la mizani, sokoni hapa. Shule niliacha darasa la nne. Kwa nini mizani ilinihusu mimi kuliko wengine, nitasema, na majina nitayataja.

Kabla ya mizani, mahindi hapa yaliuzwa kwa lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa kwa mguu, halafu linavishwa kilemba juu, linashonewa kamba, na linalipwa kama gunia moja. Mkulima wa Mlali anajua amepunjwa, dalali anajua amempunja, mwenye lori anajua lori limelemewa. Wote wanajua na wote wanacheka. Nilikuwa mbeba magunia wakati huo, na mdogo wangu Amosi vilevile. Tulipanda juu ya shehena ya lumbesa ya dalali mmoja anaitwa Ndahani, tukienda kushusha Dar. Dereva alikataa kuondoka. Alisema springi zimelala, hawezi kushika breki na mzigo ule. Ndahani akamwambia, "Lori langu, mzigo wangu. Wewe shika usukani." Lilipinduka kwenye kona. Nilitoka na mkono huu wa kushoto, ambao mpaka leo haunyanyuki kupita kifua. Amosi walimtoa chini ya magunia. Ndahani alikuja msibani, akakaa na wanaume, akala, akasema ni mapenzi ya Mungu.

Kwa hiyo mizani ya kompyuta ilipoletwa, nilikwenda mwenyewe kuomba kazi ya kuilinda. Mshahara nilikuja kuuliza baadaye.

Waliotuletea mizani walikata utepe, wakapiga picha na akina mama, wakaondoka na magari yao. Mambo yalitakiwa kwenda hivi: gunia linawekwa kwenye mizani, uzito unaonekana kwenye kompyuta ndogo ya bandani, unapita kwenye waya mpaka ofisini, unahifadhiwa kwenye seva, na mkulima anachapiwa tikiti yake. Tatizo, programu ilikuwa ya zamani na kompyuta mpya ya ofisi iliikataa katakata. Ndipo mtu akasema kuna mwalimu mstaafu anajua vitu hivi.

Mwalimu alitengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Wenyewe wanaita mashine pepe. Nilidhani ananitania.

"Baba Rehema," akaniambia, "hii unayoiona ni nyumba. Ndani yake nimejenga chumba cha kupangisha, na mpangaji ni seva. Ana kumbukumbu yake, ana anwani yake, anajiona ana nyumba. Hajui kama yumo ndani ya mwenzake."

"Na mwenye nyumba akizima taa?"

"Mpangaji analala palepale alipo."

Siku ya kwanza mpangaji aliamka vizuri, mtandao wa nje akaupata, lakini kompyuta ya bandani ikasema seva haipatikani. Mwenyekiti akataka tununue waya mpya. Mwalimu akasema waya hauna kosa. "Mpangaji wangu anatokea sebuleni kwa mwenye nyumba. Kutoka anatoka. Lakini mgeni akija kutoka barabarani anamwona mwenye nyumba tu, hajui kama ndani kuna mtu mwingine. Ngoja nimtobolee mlango wake." Akafungua mahali, akabadili jambo moja, akasubiri. Bandani tikiti ikatoka.

Jambo moja, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Karani wetu aliwahi kuzima na kuwasha rauta na papo hapo akabadilisha waya, kwa nia njema kabisa, na mtandao ukarudi. Akafurahi. Mwalimu akamfanya avirudishe vyote kama vilivyokuwa, mtandao ukafa tena, foleni nje inaguna, ili tu ajue ni kipi kati ya viwili kilichokuwa kibovu. "Leo umebahatisha," alimwambia. "Kesho utabahatisha nini?" Karani alilia chooni. Mimi niliona ni ukatili, na bado naona hivyo kidogo. Lakini ubovu ulikuwa kwenye kichwa cha waya, tukakibadilisha, haukurudi.

Alikuwa na namna yake ya kutafuta. Alianza ndani, akatoka nje polepole. Kulikuwa na amri anaiandika, na mashine moja inaipigia nyingine hodi, na ile nyingine kama ipo hai inaitika, na kioo kinaonyesha imechukua muda gani kuitika. Alimfanya mpangaji ajibishie hodi mwenyewe. Halafu mpangaji ambishie mwenye nyumba. Halafu rauta. Halafu banda. Palipokosa kuitika, hapo ndipo alipokaa. Hakurukia mwisho hata siku moja, hata tulipokuwa na hakika kwamba kosa liko bandani, hata lilipokuwa kweli liko bandani.

Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi. Siku moja uliporudi, banda likawa linambishia mpangaji na kuitikiwa na kitu kisichoeleweka. Mwalimu akaangalia, akacheka peke yake mpaka miwani ikateleza. Akatueleza kwamba rauta inagawa anwani kama viti vya mkutano, anayewahi anakaa. Mpangaji alichelewa kuamka akakuta kiti chake kimekaliwa na simu ya karani. Kuanzia hapo akampa mpangaji anwani ya kudumu, ambayo hakuna mwingine angepewa, akaiandika kwa chaki ukutani kama bado yuko darasani.

Uongo hakuuvumilia. Ukimwambia "mtandao umekufa" alikuuliza, "Maiti umeiona? Kioo kimesema nini? Nisomee maneno." Ukisema "nadhani", alikukata. Lakini binti yake aliyekuwa akiishi Zuzu alipopiga simu kuuliza kama amemeza dawa za presha, alijibu, "Nimemeza, mama, asubuhi na mapema," na mimi naviona vidonge vimelala kwenye mkoba pamoja na karanga. Nikamtazama. Akaniambia, "Wewe fagia."

Madalali aliwasema kila siku, na nyanya alinunua kwa dalali, eti yule anachekesha. Alisema mashine hazina pepo wala laana, watu wasituletee ushirikina ofisini. Lakini jioni aliifunika kompyuta kwa kitenge, na asubuhi kabla ya kuiwasha aliinamisha kichwa. Nikamuuliza anaombea mashine? Akasema anaombea umeme. Angeweza kukaa nyuma ya waya asubuhi nzima bila kuguna, kisha akasimama foleni ya vitumbua nyuma ya mama mmoja anayetafuta chenji na akasonya mpaka watu wakageuka.

Mimi alinipenda, nadhani. Hakusema. Alinifundisha kusoma zile namba za kwenye kioo, akanifundisha na kuandika jina la Amosi kwa herufi nzuri kwa ajili ya msalaba, kwa sababu fundi aliyeuchonga mwanzo alikosea.

Sasa, msimu mmoja uzito ukaanza kupotea. Ulikuwa ukipotea Jumatatu asubuhi, siku ambayo mahindi ya Mlali yanaingia kwa wingi. Mtu anapima bandani, tikiti anapewa, akienda ofisini anaambiwa hayumo. Baada ya muda, mkulima mwingine anaonekana yumo, mwingine hayumo kabisa. Mama mmoja wa Mlali alisimama katikati ya ofisi na tikiti mkononi.

"Tikiti hii hapa. Nyie mnasema sikupima. Nilipima kivuli?"

Ndahani alikuwa ameegemea pikipiki yake nje ya dirisha. "Mashine yenu inakula mahindi kuliko dumuzi," akasema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. "Lumbesa, mama zangu, angalau unaiona kwa macho." Watu wakacheka. Wakulima walewale waliokuwa wakipunjwa, wakacheka.

Kamati ikakaa, ikaamua: Jumatatu inayofuata uzito ukipotea tena, mizani inazimwa na msimu unaendelea kwa magunia. Niliposikia, niliona kilemba juu ya gunia, na niliona magunia yakipangwa juu ya lori. Nikamfuata Mwalimu.

"Ni Ndahani. Amemnunua mtu humu ndani."

"Umemwona?"

"Sijamwona, lakini namjua."

"Basi hujamwona."

Jumatatu ilipofika alikuwa amekaa kwenye kiti chake kabla foleni haijapangika. Akabisha hodi kwa mpangaji. Akaitika. Kwa mwenye nyumba, akaitika. Banda likaitika. Kila kitu kizima. Mama wa Mlali alirudi na magunia mengine, akapima, uzito ukafika. Aliyemfuatia akapima, haukufika. Ofisi ikajaa watu, mwenyekiti anapangusa jasho, Ndahani yupo dirishani kwake. Mwalimu hakutazama mtu. Alikuwa akitazama muda wa kuitika. Hodi moja inaitikwa haraka, inayofuata inaitikwa kwa kujivuta, halafu haraka tena.

"Anayeitika si mmoja," alisema polepole.

Kisha akamzima mpangaji. Seva yenyewe, foleni ikiwa imesimama. Watu wakapiga kelele, mwenyekiti akasema Mwalimu unatuua. Yeye akainua kidole, akahamia kompyuta nyingine, akabisha hodi kwenye anwani iliyoandikwa kwa chaki ukutani.

Ikaitika.

Karani alifanya ishara ya msalaba. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Nimewaambia hiki kitu kina mwenyewe," akaanza kutoka.

"Baba Rehema, kaa hapa," Mwalimu akasema. "Nitachomoa waya mmoja mmoja. Niambie anaitika au ameacha. Usiniambie kingine chochote."

Akaenda kwenye kile kisanduku ambamo nyaya zote zinakutana. Akachomoa mmoja. "Anaitika," nikasema. Akaurudisha, akachomoa mwingine. "Anaitika." Mwingine. "Anaitika." Mwingine.

"Ameacha."

Alikuwa ameushika ule waya kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka asiyejua ni wa aina gani. Tukaufuata ukutani, ukatoka dirishani, ukavuka ua chini ya bati, ukaingia ghalani. Nilichukua rungu langu. Nasema nilichukua kwa sababu nilikuwa na hakika nitamkuta mtu wa Ndahani mle ndani, na nilikuwa nimeshajua nitampiga wapi.

Tulimkuta Mzee Meshaki, mtunza ghala wetu. Shemasi wa kanisa, mtu ambaye punje ikidondoka anaiokota. Ameketi mbele ya kompyuta kuukuu ya ghalani, mikono mapajani, miwani puani, na kwenye kioo chake ipo programu ya mizani kama yetu, ina majina, ina uzito.

"Mzee Meshaki," Mwalimu akasema, "unafanya nini?"

"Naianika, Mwalimu. Isije ikaoza."

Mimi sikuelewa. Mwalimu alielewa palepale, nikamwona akifumba macho. Mwanzoni mwa msimu alikuwa amenakili seva nzima, chumba na mpangaji wake, akaiweka kwenye kompyuta ya ghalani ili ofisi ikiungua tusipoteze kila kitu. Akamwambia Mzee Meshaki: hii ni akiba, itunze. Na Mzee Meshaki akiba anaijua. Mahindi ukiyafungia kwenye gunia bila kuyafungua yanaliwa na dumuzi. Unayafungua, unayamwaga kwenye turubai, yanapigwa hewa, unaangalia kama ni mazima, unayarudisha. Kwa hiyo kila Jumatatu aliifungua ile nakala kama alivyomwona Mwalimu akifanya, akaiacha ipate hewa, akaitazama, akaifunga. Na ile nakala ikiamka haijui kama ni nakala. Inajiona ndiyo mpangaji mwenyewe, ina anwani ileile, mtu akibisha inaitika. Wawili wakawa wanaitika jina moja. Uzito ukaenda kwa aliyewahi.

Na uzito uliopotea ulikuwa mle, kwenye kioo cha Mzee Meshaki. Yule mama wa Mlali alikuwemo, na magunia yake yote.

Watu walikuwa wametufuata mpaka mlango wa ghala. Ndahani akiwa mbele yao. "Kumbe mwizi ni shemasi," akasema. Mzee Meshaki alisimama, akakaa. Mtu mmoja akaanza kuuliza ni lini ameanza, mwingine akasema afukuzwe leo.

Mwalimu akasimama mbele yake. "Hakuna kilichoibwa. Nilimpa mtunza ghala kitu, nikamwambia akitunze, akakitunza kwa namna anayoijua. Mimi sikumwambia kuwa hiki hakianikwi. Kosa ni langu, nimelipata, na uzito wenu wote huu hapa. Mwenye tikiti asogee."

Akaizima nakala. Akauchomoa ule waya na upande wa ghalani, akauzungusha, akautia mkobani. Akamwasha mpangaji wetu, akabisha hodi, muda wa kuitika ukawa mmoja, hodi hadi hodi. Siku zilizofuata aliunganisha uzito wa pande zote mbili, Mzee Meshaki ameketi pembeni yake akimsomea majina, sauti yake ikirudi kidogo kidogo. Jumatatu iliyofuata hakuna kilichopotea. Kamati ikaiacha mizani.

Mimi sikufurahi. Nilifagia banda kama mtu anayepiga ardhi. Mwalimu akaja na karanga zake.

"Umenuna nini? Mizani imebaki."

"Imebaki."

"Ulitaka awe yeye."

"Nilitaka."

Akatafuna, akatema ganda. "Yule ana lake. Hili si lake. Ukimtwika na lisilo lake, siku utakapolitaja lile la Amosi nani atakusikiliza?" Akanipa karanga bila mimi kuomba, akaondoka.

Nimelitaja. Nalitaja mpaka leo, mbele yake na nyuma yake, na hakuna anayeniambia nasingizia.

Baadaye Mwalimu alipata kiharusi, binti yake akamchukua Zuzu. Nilikwenda kumwona mwaka huu, baada ya jambo lililotokea bandani ambalo sikuweza kumwambia mtu mwingine. Alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, upande wa reli, upande mmoja wa uso umelala. Nikamwamkia. Akaniitikia mara moja, kitu ambacho sikukizoea. Maneno yalitoka polepole, lakini yalitoka kamili.

Nikamwambia Ndahani alikuja kwenye mizani. Siku hizi kuna wanunuzi wakubwa kuliko yeye, wana malori mengi, nao wanamtaka yeye awajazie lumbesa. Anapunjwa. Kwa hiyo alileta mahindi yake kwetu, tikiti ndiyo inayomwokoa. Alishusha mwenyewe, amezeeka, anahema. Karani alikuwa amekwenda kula, nilikuwa peke yangu. Akaniambia, "Nipimie, ndugu yangu." Ndugu yangu.

"Ukafanyaje?" Mwalimu akauliza.

"Nilisimama. Nilikuwa na goti langu karibu na sahani ya mizani. Kuligusisha kidogo tu, kuliondoa kidogo tu, asingejua."

"Ukafanyaje?"

"Nilirudi nyuma. Nikaacha namba zitulie."

"Alipata kilo zake?"

"Zote."

Treni ya mizigo ilipita, tukaisubiri, behewa baada ya behewa. Binti yake akatoka na uji, akaniachia kikombe nimshikie, kwa kuwa mkono wake wa kulia sasa ni kama wangu wa kushoto. Nikamnywesha.

"Basi inafanya kazi," akasema Mwalimu.

"Sijamsamehe," nikamwambia.

Alimeza uji, akapumua.

"Sijakuuliza hilo," akasema, akafungua mdomo nimwongeze.